Ubao ulivyogeuka chakula

Ujiji, Kigoma

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unasema mgeni hapo hotelini Arusha alikuuliza kama bei ni half board au full board, ukakwama, kwa sababu mimi mwenyewe nilikufundisha darasa la tatu kwamba board ni ubao. Unataka kujua ubao umeingiaje kwenye chakula.

Sikukukosesha, mwanangu. Zamani huko Uingereza, kwenye kumbi za mabwana, meza nyingi hazikuwa za kudumu. Wakati wa kula zilitandazwa mbao ndefu juu ya miguu ya kupachika, wakishiba, zinaondolewa. Basi ubao ukawa meza, na meza ikawa chakula kilicho juu yake. Ndiyo maana shule ya bweni tunaiita bodingi: mtoto analala hapo na kula hapo.

Meza hiyohiyo ikawapa jina wanaoizunguka, tukapata bodi ya shule na bodi ya wakurugenzi. Nasi tunafanya vivyo hivyo. Harusini mshereheshaji akitangaza kwamba meza kuu imewasili, hakuna anayetafuta meza. Tunainuka kuwapokea watu. Hata kabati letu lina asili hiyo, cupboard, yaani ubao wa vikombe. Mwanzoni ilikuwa meza ya kupangia vikombe, milango ikaja baadaye. Ila bodi ya gari usiiingize humu! Hiyo inatokana na body, mwili, na wanafunzi wangu waliichanganya kila mwaka.

Maana ninayoipenda kuliko zote ni ya majini. Juzi nilipita Kibirizi, nikamkuta mjomba wako anaunda boti. Mataruma, yaani mbavu za boti, yalikuwa yamesimama, naye anapigilia mbao za ubavuni, moja juu ya nyingine, kisha anashindilia pamba kwenye maungio kwa patasi butu. Nikaweka mkono juu ya ubao wa mwisho, ule unaoushika ukipanda. Huo ndio board wa mabaharia. Wataalamu wanasema huenda zamani yalikuwa maneno mawili, moja la ubao na jingine la ukingo, yakaja kuungana. Ukishauvuka ubavu huo, uko on board.

Hebu itazame Liemba sasa, meli yetu ya Ziwa Tanganyika. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande kwa meli na reli, ikaunganishwa hapa Kigoma na kuingia ziwani 1915. Ubavu wake ni chuma kitupu. Lakini Mwingereza akiipanda anasema yuko on board, na Mjerumani naye anasema an Bord. Mbao zimekwisha, neno limebaki.

Kuhusu kazi yako: half board ni kitanda, kifungua kinywa na mlo mmoja, kwa kawaida wa jioni. Full board ni milo yote mitatu. Vinywaji mara nyingi hulipiwa kando, kwa hiyo waulize wakubwa wako hoteli yenu ina utaratibu gani, kisha umweleze mgeni kabla hajaagiza, asije akashtukia bili.

Ukipata likizo kabla boti ya mjomba wako haijashushwa majini, njoo nikupeleke Kibirizi, nawe uweke mkono pale nilipouweka mimi.

Mama yako