Maswali ya Wasomaji: Makapi ya Mkonge, Umeme na Vijidudu Visivyotaka Pupa

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi kijana wa Korogwe, familia yetu tuna mkonge na tunauza kupitia AMCOS, chama chetu cha ushirika cha wakulima. Kila nikipita pale korona, kwenye mashine ya kukamua majani ya mkonge, lile lundo la makapi linanuka mpaka barabarani, maji ya kijani nayo yanatiririka tu kuelekea mtoni. Nasikia kuna bioteknolojia, yaani kutumia viumbe hai kama vijidudu kufanya kazi, inageuza makapi kuwa umeme, ni kweli au stori za semina? Na mtu wa kawaida kama mimi naweza?

JIBU: Marahaba mwanangu. Ni kweli, na ushahidi uko hapo hapo kwa jirani zako Hale, ambako kampuni ya mkonge ya Katani kwa kusaidiana na serikali, UNIDO (shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda) na mfuko wa kimataifa wa bidhaa, CFC, walijenga mtambo wa bayogesi (gesi ya kuwaka inayotoka kwenye vitu vinavyooza) ya mkonge mwaka 2007 kuelekea 2008, ukaanzia kilowati 150.

Hebu tupige hesabu kwanza maana ndiyo inayoniuma mimi. Jani likipita korona, singa, yaani nyuzi za kuuza, ni kama asilimia 4 tu ya uzito wake, yaani tani 25 za majani zinakupa tani 1 ya singa na zile 24 zilizobaki ni za kutupa. Mkonge umeingia kwetu 1893, Mjerumani Hindorf ndo alileta miche, na toka enzi hizo mpaka leo tunauza 4 tunatupa 96! Tena ukizitupa haziishi hivi hivi, lundo likishashikana hewa haipiti ndani, vijidudu vinaozesha bila hewa na inatoka methani, gesi ambayo kwa kupasha dunia joto inaishinda kabonidayoksaidi zaidi ya mara 25 ukipima kwa miaka 100. Kwa hiyo gesi unayoulizia inatengenezwa kila siku pale korona, sema inapotelea angani.

Mtambo unachofanya ni kuifungia kazi ile ile ndani ya tanki lisiloingiza hewa. Vijidudu vinapokezana: wa kwanza wanavunjavunja makapi yawe sukari, wanaofuata wanaigeuza sukari kuwa asidi, wa mwisho wanaitumia hiyo asidi wanatoa methani. Hao wa mwisho ndo wa kuwabembeleza, wanazaliana taratibu na asidi ikizidi wanakufa, na mkonge wenyewe toka shambani una asidi halafu unachacha haraka, kwa hiyo mtu akijaza tanki kwa pupa gesi inakata na atasema teknolojia ya uongo. Anza na samadi mbichi ya ng'ombe iwe mbegu, isubiri itoe gesi kwanza, ndo uongeze makapi kidogo kidogo.

Halafu katakata. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipima wakaona vipande vya milimita 2 vinatoa methani asilimia 23 zaidi kuliko vya milimita 100. Walipochanganya makapi na mabaki ya samaki ikapanda kwa asilimia 59 mpaka 94 kulingana na mchanganyiko, sababu mkonge una kaboni nyingi ila nitrojeni kidogo na samaki ndo anaileta. Wewe samaki wa kutosha Korogwe utatoa wapi, tumia kinyesi cha kuku, nacho kina nitrojeni nyingi, ila usizidishe.

Tope linalotoka mwishoni usilimwage jamani! Gesi inachukua kaboni, lakini kalisi na potasiamu ambazo mkonge unazinyonya sana ardhini zimebaki mle kwenye tope, zirudishe shambani.

Sasa kuhusu kuweza: umeme peke yako nakushauri acha. Injini ya kugeuza gesi kuwa umeme ni ghali, na gesi ina ile harufu ya yai bovu inayokula vyuma, lazima uipitishe kwenye chuma chenye kutu ili isafishwe. Hoja ya umeme ipelekeni kwenye mkutano wa AMCOS, maana makapi yapo korona na korona ndiyo inayokula umeme. Nyumbani kama mna ng'ombe wawili watatu, tanki dogo la gesi ya kupikia linawezekana kabisa na mama ataachana na kuni.

SWALI: Mwalimu, bioteknolojia si ndo hizo GMO, mbegu zilizobadilishwa vinasaba? Mimi naogopa.

JIBU: Hapana dada yangu, GMO ni tawi moja tu. Vijidudu vya Hale havijabadilishwa vinasaba, ni wale wale wa tumboni mwa ng'ombe. Togwa unayokunywa na maziwa mgando, hiyo nayo bioteknolojia.

SWALI: Nafunga vitafunwa nauza. Toka mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019 naletewa vifungashio vya "plastiki ya mahindi", eti vikitupwa vinaoza vyenyewe. Kweli?

JIBU: Muulize muuzaji vinaozea wapi. Nyingi za aina hiyo ni PLA, inatokana na wanga wa mahindi uliochachushwa na bakteria, ila kuoza inataka joto la karibu nyuzi 60 kwenye kituo maalumu cha mboji, ukiitupa mtaroni au baharini itakaa miaka. Kama hakuna anayezikusanya mjini kwako, nunua karatasi.