Kiwiko kinapasuka, nibadilishe programu?

SWALI: Yaya, niko Kadutu, Bukavu. Natengeneza animesheni fupi kuhusu kunawa mikono. Mhusika ni mama aliyevaa kitenge. Nimemweka kwenye After Effects, programu ya animesheni, na kumfunga rigi (mifupa ya kompyuta ya kumchezesha mhusika) niliyouziwa kwenye flashi kwa dola 20. Akikunja mkono kiwiko kinapasuka, akitembea kitenge kinajinyonga. Ninunue plagini gani, yaani programu ndogo ya kuongezea?

JIBU: Usinunue kitu, mdogo wangu. Hata plagini ya dola 200 ingekupasulia kiwiko vilevile, maana kasoro iko kwenye mchoro. Mifupa ya rigi haichori, inazungusha tu ilichokikuta.

Nadhani mkono umeukata kwa mstari ulionyooka pale kwenye kiwiko. Mstari wa namna hiyo ukizungushwa lazima uache pengo upande wa nje. Rudi ukachore upya: mkono wa juu na wa chini ziwe leya (tabaka za mchoro) mbili, na zinapokutana kila moja iishie kwa duara lenye upana uleule, maduara yalaliane kabisa. Ile nukta ambayo leya huizunguka iweke katikati ya duara, kabla hujaunganisha chochote. Duara likizunguka kwenye kitovu chake halibadiliki umbo, kwa hiyo pengo halina pa kutokea. Kama umezungushia mstari mweusi, ufute pale maduara yanapolaliana, la sivyo utakatiza kiwiko.

Kitenge kina kazi zaidi. Wengi huchora nguo, wakabandika nyayo mbili chini yake, eti miguu haionekani. Mama huyo atatembeaje bila magoti? Mchoree miguu mizima, kutoka nyonga hadi kisigino. Kitenge kiwe leya ya juu yake, chenye pini chache, yaani nukta za kushikilia na kuvuta mchoro: za kiunoni zitulie, mbili za usawa wa magoti zifungwe kwenye mifupa ya miguu. Ukijaza pini kila mahali, maua ya kitenge yatavutika ovyo.

Sasa huyo muuzaji. Duik, zana ambayo wengi wetu tunaitumia kufunga mifupa ndani ya After Effects, watengenezaji wake wanaitoa bure. Lakini kutoka Goma hadi Lubumbashi naandikiwa na vijana waliojinyima ili wanunue “rigi ya dakika tano”. Mara nyingi ndani ya flashi mna skripti za bure zilizobadilishwa jina, na pengine programu ya wizi iliyobeba virusi. Kinachoniudhi kuliko pesa ni ule uongo kwamba mchoro wowote utaamka bila kupangwa. Kijana akishindwa anaamini hana kipaji, anaacha kazi aliyoiweza.

Mtu akikuletea rigi ya kuuza, mwambie aifungue mbele yako, kwa mchoro wako. Amwinue mhusika mkono hadi juu ya kichwa, kisha amchuchumalishe. Bega au goti likichanika, usitoe hata faranga moja.