“Amekuwa Mgonjwa kwa Wiki Mbili”

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, Tanga. Kwenye insha ya Kiingereza niliandika “The guest has come yesterday”, mwalimu akanipigia mstari mwekundu. Mbona Kiswahili tunasema “mgeni amekuja jana” na hakuna anayeshtuka? Kosa langu ni nini?

JIBU: Mwalimu wako yuko sahihi, na Kiswahili chako nacho hakina kosa. Mwingereza akishataja wakati uliokwisha, iwe jana, juzi au mwaka 1999, hali timilifu, yaani ile ya “has” au “have” kama “has come”, haina nafasi tena: “The guest came yesterday”, basi. Mwalimu Nyerere alipofariki London tarehe 14 Oktoba 1999, siku ile ilikuwa sawa kabisa kusema “Nyerere has died”. Leo, ukishatia mwaka, ni “died in 1999” tu. Wamarekani wamejilegezea kidogo. Aliyetoka mezani sasa hivi atakuambia “I just ate”, ambapo Mwingereza angesema “I’ve just eaten”. Lakini hata huko Marekani, “has come yesterday” haipiti.

Sisi -me- yetu huangalia hali iliyobaki. Asili yake ni kitenzi cha kale mala, kilekile kilichotuzalia maliza. Tendo limekwisha, matokeo yapo. “Mgeni amekuja jana” maana yake yumo ndani, mwongezee sahani. “Mgeni alikuja jana” huenda hivi sasa yuko kwenye basi anarudi kwao. Ndiyo maana pia tunasema amelala, amesimama, amevaa kanzu, na hapo Kiingereza hakitumii hali timilifu hata kidogo: “he is asleep, he is standing, he is wearing a kanzu”. Ukiandika “he has worn a kanzu” kwa mtu uliye naye mbele ya macho, mstari mwekundu mwingine unakungoja.

Hilo la darasani litarekebishika, maana yupo mwalimu wa kusahihisha. Linalonikera mimi ni safari ya upande wa pili, hali timilifu ya Kiingereza inapoingizwa kwenye Kiswahili nzimanzima, na ikapita mbele ya wahariri bila kuguswa. Soma habari hii, ya aina tunayoletewa kila wiki: “Wakazi wa kijiji hicho wamekuwa wakikabiliwa na tatizo la ukosefu wa maji kwa muda wa miaka mitano.” Nani huzungumza hivyo? Mwulize mama aliyejitwika ndoo kijijini hapohapo, atakuambia: “Mwaka wa tano huu hatuna maji.” Maneno sita, na uchungu wake umo. Mwandishi kamsikia akisema hivyo kwa masikio yake, kisha kaenda ofisini kuyapitisha maneno yake kwenye Kiingereza na kuyarudisha yamepooza.

Sababu ya Waingereza kusema “have been”, inayotafsiriwa kuwa hiyo “wamekuwa”, naielewa. Wakati uliopo wao haunyooki kurudi nyuma hadi jambo lilipoanza. “I live here since 2010” kwao ni kosa. Wetu unanyooka vizuri sana: “Naishi hapa tangu 2010.” Kifaransa nacho hufanya hivyohivyo, na wasomaji wangu wa Kongo wanalijua hilo. Basi tunaazima gongo la nini, na miguu tunayo?

Halafu kuna hii inayonikosesha usingizi: “Amekuwa mgonjwa kwa wiki mbili.” Kuwa, ikishavaa -me-, kwa Kiswahili ni kugeuka, kuingia katika hali mpya. Amekuwa mkubwa. Amekuwa tajiri. Ukiniambia “Bi Mwajuma amekuwa mwalimu”, nitampelekea pongezi za ajira mpya, kumbe mwenzangu anakaribia kustaafu! Sema “ni mwalimu, mwaka wa ishirini sasa”. Na huyo mgonjwa, sema “anaumwa, wiki ya pili hii”. Nimesikia hospitalini mzee akiulizwa, “Umekuwa ukiumwa kwa muda gani?” Akamgeukia mwanawe amfafanulie. Mwanawe akasema, “Baba, unaumwa tangu lini?” Jibu likatoka palepale: “Tangu Ijumaa.” Mzee wa watu anaumwa, na bado tunamtwisha kazi ya kufumbua sentensi.

Sikifuti kila “amekuwa aki-”. “Siku hizi amekuwa akichelewa kazini” naikubali, kwa sababu hapo pana tabia iliyozuka na inayojirudia. Zamani hakuwa hivyo, amegeuka. Kuwa hapo inafanya kazi yake. Pia najua umbo hili limeshaota mizizi kwenye hotuba na taarifa za habari, na wengine wanaliona ndiyo adabu ya usomi. Watakaong’ang’ania nitawasoma hivyohivyo, lakini mbele ya wanafunzi sitalipitisha.

Sasa rudi kwenye insha yako. Kabla ya kuandika “has”, tazama kama sentensi imetaja wakati uliokwisha. Ikiwa umetaja, andika “came”. Usipotaja, na mgeni bado yupo, “The guest has come” ni sawa. Na dada yako akiwa Dar es Salaam hadi sasa, ni “she has gone to Dar es Salaam”. Akiwa ameshafika huko siku moja akarudi, ni “she has been to Dar es Salaam”. Sisi tungesema amekwenda Dar, na amewahi kufika Dar.