Nusu ya kampuni: maswali yenu kuhusu Alana Spencer

Alana Spencer, mwoka keki wa Aberystwyth huko Wales, alishinda mwaka 2016 The Apprentice, shindano la biashara la BBC linaloongozwa na mfanyabiashara Alan Sugar. Wasomaji wetu wa Lubumbashi wanaooka na kuuza wametuuliza mengi juu yake.

Ni kweli Alan Sugar alimpa pauni 250,000 za bure? (Mama wa Katuba)

Hapana, mama. Sugar alinunua nusu ya biashara, na pesa zikaingia kwenye kampuni. Kabla ya 2011 mshindi alipewa kazi ya mshahara wa pauni 100,000 kwa mwaka. Ndivyo ilivyokuwa kwa Michelle Dewberry mwaka 2006 na Stella English mwaka 2010. English alimshtaki Sugar kuhusu kazi hiyo, akashindwa mwaka 2013. Kwetu utaratibu wa sasa ni bora zaidi: mwanamke anabaki na biashara aliyoianzisha mwenyewe.

Aliwezaje kuuza mbali bila kufungua maduka? (Dada wa Ruashi)

Kwa mawakala, waliouza keki zake kwenye masoko na maonyesho ya vyakula ya kwao. Hapa pia inawezekana, lakini anza na hesabu. Trei ya sentimita 40 kwa 30, ukikata safu 6 kwa 4, inatoa vipande 24. Gawa gharama kwa 22, maana kama viwili vya pembeni huvunjika. Weka ndani unga, sukari, siagi, mayai, mifuko, usafiri mpaka soko la Kenya (mtaa wa hapa Lubumbashi), na mkono wako. Makaa pia, hata kama unaoka kwa umeme: umeme ukikatika keki ikiwa nusu, inashuka katikati na trei nzima imepotea. Mbabula, yaani jiko la makaa, iwe imewashwa kando, na sufuria nzito yenye kifuniko cha kubeba makaa juu.

Wakala mpya mpe vipande 20 tu. Mwachie kama robo ya bei, na asichukue mzigo wa pili kabla ya kulipa wa kwanza. Wengi huanguka hapo: wanampa wakala mizigo mitatu kwa sababu ni ndugu, kisha wanakosa pesa ya unga. Keki yenye krimu usikubali irudishwe.

Shemeji yangu anataka nusu ya kampuni yangu ndogo ya SARL, yeye alete oveni. Nikubali? (Msomaji wa Kamalondo)

Nusu kwa nusu tunakukataza kabisa. Kwa sheria ya OHADA, umoja wa nchi za Afrika wenye sheria moja ya biashara, ambao nchi yetu iliingia mwaka 2012, maamuzi ya kawaida ya SARL yanataka zaidi ya nusu ya mtaji. Mkiwa 50 kwa 50 na mkagombana, hakuna anayeweza kupitisha hesabu za mwaka wala kumwondoa jeran (msimamizi wa kampuni) kwa kura yake peke yake; mnaishia mahakamani huku unga unaharibika. Ukiwa na 60 unaamua mambo ya kila siku. Ila kubadili statuti (katiba ya kampuni) kunataka robo tatu, kwa hiyo shemeji mwenye 40 bado anaweza kukuzuia.

Kabla ya kutia sahihi, oveni ipewe bei iandikwe kwenye statuti. Andikeni pia nani ni jeran, nani ana haki ya kumnunua mwenzake, bei itahesabiwaje, na italipwa kwa miezi mingapi. Kama oveni tu ndiyo unayohitaji, afadhali uinunue kwake kwa deni, ulipe kila mwezi. Deni lina mwisho; mwenye hisa anakula faida kila mwaka.

Bado yuko na Sugar? (Kijana wa Kenya)

Hapana. Waliachana kibiashara baada ya miaka michache na Alana akabaki na kampuni yake. Kwenu, mwenzako akiuza sehemu yake, mapatano yawe ya maandishi, kisha mpeleke mabadiliko RCCM, daftari la serikali la biashara. Usipofanya hivyo, kwa benki na kwa wengine wote jina lake bado limo.