Kumtunza malkia wa sisimizi kwa miaka mingi: ushauri kutoka Tabora

Mtu anayetaka kufuga sisimizi kwa muda mrefu hana budi kuelewa kwanza kwamba anamfuga mdudu mmoja tu, naye ni malkia. Wafanyakazi huishi miezi kadhaa, au mwaka na ushei wakijaliwa, kisha hufa na nafasi zao kushikwa na wadogo zao, ilhali mama aliyewazaa wote hubaki palepale. Malkia wa Lasius niger, sisimizi mweusi wa bustani za Ulaya, aliwahi kuishi karibu miaka 29 mikononi mwa binadamu, na katika karne ya 19 Mwingereza John Lubbock alikaa na malkia wake takribani miaka 15. Kundi langu mimi ni la Camponotus maculatus, yule sisimizi mkubwa wa rangi ya kahawia anayetoka usiku kutafuta sukari jikoni; sasa lina umri wa mtoto wa darasa la sita, na malkia ni yule yule. Kwa niliyoyaona katika muda huo, makundi mengi yanayofugwa hayafi kwa kusahauliwa, bali kwa kuhudumiwa kupita kiasi, na karibu ushauri wote ninaoutoa hapa unatokana na imani hiyo.

Malkia hutafutwa mvua za kwanza zinaponyesha, ambazo hapa Tabora huanza kwa kawaida mwezi wa Novemba. Jioni hizo kila taa ya nje huzingirwa na wadudu wenye mabawa, na wengi wao ni kumbikumbi, ambao si sisimizi hata kidogo. Hao ni mchwa, na kwa nasaba wako karibu zaidi na mende. Kumbikumbi ana mabawa manne yaliyolingana urefu na kiwiliwili kisicho na kiuno, lakini sisimizi ana kiuno chembamba, papasi zilizopinda kama kiwiko, na mabawa ya mbele marefu kuliko ya nyuma. Mtafute jike mkubwa mwenye kifua kipana, anayetembea peke yake chini akiwa ameshaangusha mabawa, kwa kuwa huyo mara nyingi ameshapandwa. Mbegu anazozipokea siku hiyo huzihifadhi katika kifuko kilichomo tumboni na kuzitumia maisha yake yote. Usichimbe kundi la porini ili kumpata malkia mzee: utabomoa makazi yao, na mara nyingi utaambulia wafanyakazi wasio na mama.

Makao yake ya kwanza ni neli ya maabara iliyotiwa maji theluthi moja, maji yakazibwa kwa pamba inayobana vizuri, kisha malkia akaingizwa katika sehemu kavu na mdomo wa neli ukazibwa kwa pamba nyingine. Iweke gizani mahali pasipotikisika, na usimpe chakula chochote. Malkia wa Camponotus hujifungia mwenyewe. Misuli iliyokuwa ikiendesha mabawa yake huyeyuka mwilini na kugeuka lishe ya kizazi cha kwanza. Wafanyakazi wa mwanzo, ambao huwa wadogo kuliko watakaofuata, hutokea baada ya mwezi mmoja hadi miwili. Hapa ndipo subira ya wengi inapokwisha, kwa maana anayeifungua neli kila jioni kuhesabu mayai humtia malkia hofu, naye akishtuka huyala mayai yake mwenyewe. Kuchungulia mara moja kwa wiki kunatosha.

Wafanyakazi wakishatokea, wengi hukimbilia kuwajengea jumba kubwa la kioo. Mimi nashauri wabaki ndani ya neli hadi waanze kubanana. Kundi dogo katika nyumba kubwa hutupa taka zake kwenye vyumba vitupu, taka hizo huota ukungu, na spishi nyingi za Camponotus hazina ile tezi ya kifuani ambayo kwa sisimizi wengine hutoa majimaji ya kupambana na vimelea. Wakati wa kuwahamisha ukifika, kiota cha jasi kinafaa: jasi hupatikana katika maduka ya vifaa vya ujenzi, huchongeka kwa urahisi, na hunyonya maji upande mmoja huku upande wa pili ukibaki mkavu, hivyo sisimizi wenyewe wanachagua pa kuwaweka mabuu. Kiunganishe na sanduku la wazi la kulia chakula. Ukingo wa juu wa sanduku upake poda ya watoto ya talki iliyokorogwa na spiriti. Ikikauka huacha ukuta unaoteleza ambao hawawezi kuupanda. Upake upya kila unapoona umeanza kufifia, hasa masika, kwa sababu unyevu huuharibu.

Adui wa nje anastahili maelezo marefu kidogo, maana katika miji yetu ndiye anayeua makundi makubwa kwa usiku mmoja. Wale sisimizi wadogo wa nyumbani wakigundua asali ndani ya sanduku lako, wataingia kwa mamia na kuyabeba mabuu. Dawa yake ni ile ile ya kabati la chakula: weka miguu ya meza katika vikopo vyenye maji na tone la mafuta, na meza isiguse ukuta wala pazia. Adui wa pili ni sisi wenyewe. Dawa ya mbu ya kupulizia, hata ikitumika chumba cha jirani, ni sumu kwa sisimizi, kwa hiyo waambie watu wote wa nyumbani, pamoja na mgeni aliyekuja kulala. Na katika mkoa huu wa tumbaku na pamba, usiwape panzi waliotoka katika mashamba yaliyopuliziwa. Wachukue kwenye nyasi za uwanjani mwako, au uwape kumbikumbi na mende uliowafuga mwenyewe.

Kuhusu chakula chenyewe hakuna mengi. Wafanyakazi wanahitaji sukari ili wapate nguvu, na mabuu pamoja na malkia wanahitaji protini. Asali ya miombo iliyozimuliwa kwa maji, tone moja au mawili, inawatosha, nayo iondolewe kabla haijachacha. Mdudu apewe akiwa ameshakufa na kukatwakatwa, na mabaki yatolewe kesho yake. Wakiacha kula nyama, usiwalazimishe, kwani mara nyingi maana yake ni kwamba hakuna mabuu wa kulishwa kwa wakati huo. Baridi ya Juni na Julai huwapunguza kasi, na kundi lililokuwa likichangamka Machi linaweza kuonekana limezubaa. Huo si ugonjwa. Kinachohitaji macho zaidi ni maji, hasa Septemba na Oktoba, wakati chumba chenye paa la bati lisilo na dari kinapochemka mchana. Kiota kikae chini karibu na sakafu, katika chumba chenye hewa, na maji yasikauke hata siku moja. Ukisafiri, mwachie ndugu kazi ya maji tu. Ukimwachia na chakula, utarudi ukute sanduku limejaa ugali.

Utakuta pia lundo la maiti kwenye kona ya sanduku. Mwaka 1958 Edward O. Wilson na wenzake nchini Marekani walionyesha kwamba sisimizi hutambua maiti kwa harufu ya kemikali zinazotokea mwili unapooza, asidi ya oleiki ikiwa mojawapo, kisha huibeba na kuitupa mbali. Lundo linalokua polepole ni dalili ya nyumba inayojisafisha. La kutisha ni vifo vingi vya ghafla, au maiti kuachwa karibu na malkia bila mtu kuziondoa.

Usimuuze wala kumtuma malkia nje ya nchi, hata akitokea mnunuzi mwenye fedha nzuri. Mwaka 2025 mahakama ya Nairobi iliwahukumu vijana wawili wa Ubelgiji faini ya shilingi milioni moja za Kenya, au kifungo cha miezi 12, baada ya kukutwa na malkia wapatao elfu tano. Vilevile, usilete spishi ya ng'ambo ambayo ikitoroka hutaweza kuirudisha.

Malkia anapochoka, mayai hupungua, na baadaye wengi wa wanaotoka huwa madume wenye mabawa, kwa kuwa mbegu zimemwishia na yai lisilorutubishwa huzaa dume. Akifa, wafanyakazi wataendelea kumlamba kwa siku kadhaa, waachie. Usiwape malkia mpya, kwa sababu watamwua. Endelea kuwapa maji na asali hadi wa mwisho aondoke, jambo linaloweza kuchukua miezi mingi, kisha lichemshie maji sanduku, kitupe kiota cha zamani pamoja na ukungu wake, na chonga kipya mapema ili kiwe kimekauka kabla ya mvua za Novemba.