Mgeni wa Usiku wa Manane: Maswali Yenu Kuhusu Christabel

Nilipoligusia Christabel, shairi la Mwingereza Samuel Taylor Coleridge (1772–1834), sikutegemea lingeleta maswali mengi hivi. Kwa ambaye hajalisoma: Christabel, binti wa kabaila aitwaye Sir Leoline, anatoka ngomeni saa sita usiku kwenda msituni kumwombea mchumba wake aliye mbali. Karibu na mwaloni anamkuta mwanamke aliyevaa hariri nyeupe, miguu peku, vito vikimetameta nyweleni. Anajiita Geraldine, anasema wapiganaji watano walimteka wakamwacha hapo. Christabel anamwonea huruma, anamchukua walale naye chumbani kwake. Asubuhi mambo si yale tena. Ziliandikwa sehemu mbili, mishororo 677 kwa jumla, kisha kimya.

Kila mahali naambiwa ni shairi la kigothi. Hiyo kigothi iko wapi, mbona hakuna hata maiti? (Mwanafunzi, Dodoma)

Kigothi ni fasihi ya vitisho na majumba ya kale, na vikorombwezo vyake vyote vipo: ngome ya kale, bundi, msitu, mama aliyekufa siku ya kujifungua ambaye roho yake haijatulia. Waingereza walikuwa wamevizoea vitu hivyo tangu The Castle of Otranto, riwaya ya Horace Walpole ya 1764. Coleridge mwenyewe alishaanza kukinai. Mwaka 1797 aliihakiki The Monk, riwaya ya Matthew Lewis, na hakuyafurahia marundo yake ya vitisho.

Sasa mwangalie yeye anavyofanya. Wanafika langoni, Geraldine anaanguka ghafla kama aliyeshikwa na maumivu. Christabel anamwinua kwa taabu, anamvusha kizingiti. Akishavuka, anasimama na kutembea kama hakuumwa kitu. Christabel anamwambia wamshukuru Bikira Maria. Mgeni anajibu kwamba amechoka mno, hawezi kusema. Mbwa jike mkongwe wa mlangoni, aliyelala kwenye baridi ya mbalamwezi, anaguna kwa hasira bila kuamka, naye hajawahi kufanya hivyo mbele ya Christabel. Ukumbini makaa yamelala kwenye majivu, yanakaribia kufa. Geraldine anapopita, ulimi wa moto unachomoza, na kwa mwanga ule Christabel anaona vitu viwili tu: jicho la mgeni, na kitovu cha ngao ya baba yake ukutani.

Hakuna anayepiga yowe. Msimulizi anauliza tu mbwa amepatwa na nini, halafu anaendelea na safari kama mtu anayeogopa kujijibu. Kigothi ya Coleridge imo humo, kwenye swali lililoachwa hewani.

Geraldine ni nini hasa: jini, mchawi, au mwanamke wa kawaida? (Msomaji, Eldoret)

Ungewauliza wasomaji kumi ungepata majibu kumi na moja. Anapovua nguo, shairi linasema kifua chake na nusu ya ubavu ni kitu cha kuota, si cha kusimulia. Katika muswada kulikuwa na mshororo uliotaja kifua kilichokonda, kizee, chenye rangi ya kuchukiza. Kitabuni haukuingia. Juni 1816, kando ya ziwa la Geneva, mshairi Byron alizikariri beti hizo usiku mbele ya rafiki zake, na mshairi mwenzake Percy Shelley akapiga kelele akakimbilia nje. Alikuwa amejiwa na taswira ya mwanamke mwenye macho mahali pa chuchu! Mshairi alificha, msikilizaji akajijazia, na alichojijazia kikawa kibaya kuliko kilichofutwa.

Wako wanaomwona kuwa mnyonya damu, nao hutaja Carmilla, hadithi ya Sheridan Le Fanu (1872), yenye mgeni wa kike anayefanana naye sana. Shairi lilipochapishwa ulizuka uvumi kwamba Geraldine ni mwanamume aliyejigeuza, huo tuuache. Wahakiki wa karibuni wanausoma usiku ule kama tamaa kati ya wanawake wawili, na wana hoja, maana Christabel anaamka akisema hakika ametenda dhambi na asijue ni ipi. Derwent, mtoto wa Coleridge, alieleza kinyume kabisa: Geraldine si mchawi bali roho iliyotumwa kazi yake, na Christabel anateseka kwa niaba ya mchumba wake.

Mimi humtazama kwanza malenga wa ngome, Bracy. Ameota njiwa aliyezongwa na nyoka wa kijani, na njiwa huyo anaitwa kwa jina la Christabel. Sir Leoline anamsikiliza kwa sikio moja, anageuka, anamwambia Geraldine kwamba njiwa ni yeye na kwamba nyoka wake atapondwa. Mfasiri mbovu wa kwanza wa shairi hili yumo ndani ya shairi lenyewe, naye ndiye mwenye ngome.

Christabel si angemwambia tu baba yake? (Mama wa mabinti wawili, Tanga)

Hawezi, mama. Geraldine alimwambia kitandani kwamba mguso wa kifua chake ndio utakaotawala ulimi wa Christabel; ameachiwa kusema tu kwamba alisikia mtu akilia msituni akamleta ndani. Asubuhi anaona macho ya mgeni yakisinyaa kuwa ya nyoka, na uso wake mwenyewe unaiga mtazamo ule bila kutaka. Anaangukia miguu ya baba: mfukuze mwanamke huyu. Zaidi ya hapo maneno hayatoki.

Baba anadhani huo ni wivu wa bintiye, naye anaona aibu ya kumkosea mgeni, tena mgeni anayesema ni binti wa Roland de Vaux, rafiki wa ujanani aliyegombana naye zamani. Anamwacha bintiye sakafuni, anatoka na Geraldine. Hapo ndipo panaponitisha, kuliko ubavu ule.

Ni kasumba iliyomzuia asimalize? (Msomaji, Mombasa)

Kasumba, yaani afyuni, alikuwa nayo, lakini aliandika mengi mengine miaka hiyohiyo. Sehemu ya kwanza, kwa maelezo yake, ni ya 1797. Ya pili ya 1800, alipohamia Keswick, kaskazini mwa Uingereza. Rafiki yake, mshairi Wordsworth, alikataa kuliweka katika toleo la pili la Lyrical Ballads, kitabu chao cha mashairi, na pigo hilo lilimwingia. Lilitoka 1816 kwa mchapishaji John Murray, dibaji ikiahidi sehemu tatu zaidi mwaka huohuo. Alikufa 1834 bila hata moja.

Daktari James Gillman, aliyemtunza nyumbani kwake Highgate, London, alisimulia mwisho uliokusudiwa: Geraldine anatoweka, anarudi kwa sura ya mchumba, mchumba halisi anatokea na pete, kengele inalia, ndoa inafungwa. Samahani, siutaki.

Mizani yake mbona haieleweki? (Mtunzi wa tarbia, Zanzibar)

Kwa sababu hahesabu mizani, sheikh wangu. Anahesabu mikazo, yaani silabi zinazotamkwa kwa nguvu, minne kila mshororo, silabi zicheze kati ya saba na kumi na mbili. Hiyo ni kanuni yake, na anaivunja mapema. Mshororo wa tatu una silabi nne tu, zote zimekazwa, nao mzima ni mlio wa bundi.