Mwali mdogo wa hita ya gesi unaozimika mara kitufe kinapoachiwa

Ndugu yangu, umeeleza kwamba mwali mdogo wa hita yako ya maji ya bafuni, ule unaowasha moto mkubwa, unawaka muda wote unaposhikilia kitufe, kisha unazimika mara unapokiachia, ingawa fundi amekwisha kukuwekea themokapo mpya, yaani kile kijiti cha chuma kinachohisi joto la mwali. Hali hiyohiyo ilinipata hapa Goma, mji ulio karibu na volkano, nami nilinunua themokapo mbili, moja baada ya nyingine, kabla ya kutambua kwamba nilikuwa nikiadhibu shahidi badala ya mkosaji.

Themokapo ikipashwa moto kwenye ncha huzaa umeme mdogo sana, kwa kawaida milivolti 20 hadi 30. Kidole chako ndicho kinachoifungua vali ya gesi. Umeme huo kazi yake ni kuishikilia tu isijifunge. Basi ncha isipozungukwa na moto sawasawa, hata themokapo iliyotoka dukani leo itaonekana mbovu.

Kwangu mwali ulikuwa mfupi, wa manjano, ukiilamba ncha kwa pembeni. Vumbi jeusi la lava, ambalo sisi wa mji huu hulikuta hata ndani ya sufuria, lilikuwa limeziba tundu la kuingizia hewa pamoja na kijitundu cha gesi. Nilifunga mtungi, nikasubiri hita ipoe, nikapuliza matundu yote mawili na kusugua ncha taratibu kwa msasa laini. Usichokoe kijitundu cha gesi kwa sindano, kwani kikipanuka hakirudi tena. Nilipowasha, mwali ulikuwa wa buluu, umeifunika ncha kwa takriban sentimita 1.

Ikiwa mwali wako ni mzuri na bado unazimika, safisha mahali themokapo inapoingia kwenye vali, kaza nati kwa vidole, kisha uongeze robo mzunguko tu kwa spana. Ikizidi kuzimika, ichomoe themokapo kwenye vali, shikilia kitufe kwa dakika moja mwali ukiwaka, na upime umeme wake kwa maltimita, kile kifaa cha kupimia umeme: ikiwa chini ya milivolti 15, themokapo imechoka, ikifika 25, mshuku sumaku ya vali, ile inayotumia umeme huo kuishikilia vali isijifunge.

Lakini mwali ukizimika baada ya dakika kadhaa bafu likiwa limefungwa, hilo ni jambo jingine kabisa. Baadhi ya hita zimeundwa zijizime oksijeni inapopungua, kwa sababu moto unaokosa hewa hutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na harufu inayoua. Fungua dirisha, wala usikibane kitufe kwa kijiti kama nilivyoona kwa jirani mmoja.